Ibara ya Thelathini na Tatu

Mwalimu Munyiva alitupa kazi Ijumaa:
"Uhuru wa kusema, na mipaka yake.
Kurasa mbili. Jumatatu, mezani pangu."
Akafuta ubao, vumbi la chaki likamkaa kopeni.

Hakuna aliyetaja jina la Nyanchama.
Nyanchama aliandika habari za wadudu
waliomo kwenye githeri ya Jumatano,
akabandika karatasi mlangoni pa bwalo
kwa chingamu.
Wiki ya pili hii yuko kwao Dandora
anamenya viazi vya dada yake vya chipsi.
Kiti chake tumekirundikia mabegi
kisionekane kitupu.

Jumamosi, maktaba ya Kaloleni.
Katiba ipo moja, imeshikiliwa kwa selotepu,
na mkutubi huitoa kwa dakika arubaini
kama ufunguo wa choo cha kulipia.
Niliipata ibara. Nikanakili kwa mwandiko wa mtihani:
kila mtu ana haki ya kujieleza.
Kila mtu. Nikapiga mstari mara mbili, kalamu ikatoboa.
Nikageuza ukurasa kutafuta mipaka:
umenyofolewa.
Umebaki ukingo wenye meno ya msumeno.
"Aliyeuchukua," mkutubi akasema, macho kwenye simu,
"labda naye alipewa kazi ya shule."

Nikarudi nyumbani na haki isiyo na mwisho.

Tunakaa ploti ya vyumba kumi na vinne, mfereji mmoja.
Mjomba Okutoyi alikuwa kizingitini, mguu kaunyoosha;
goti halikunji tangu siku alipobeba bango mjini.
Bango lenyewe liko nyuma ya kabati,
maneno manne, moja limekosewa tahajia.
"Mipaka?" akacheka. "Mipaka ni pale Haile Selassie,
walipopanga malori."
Ulimi hauna mfupa. Goti linao.
Nikaandika: *kwa mujibu wa mjomba, mpaka ni lori.*
Nikafuta.

Mama alikuwa akisonga ugali. Hakugeuka.
"Andika doa."
Doa?
"Herufi tatu. Ulikuwa mgongoni mwangu, una miezi minne.
Bwana Jotham wa namba tisa alisimama mferejini
akasema, nguo yenye madoa hufuliwa.
Basi. Hakushika jiwe, hakushika panga.
Alishika ndoo yake.
Usiku mlango wetu ukachorwa alama ya chaki.
Waliokuja na viberiti walikuwa wengine."
Akaonja mboga, akaongeza chumvi.

Bwana Jotham! Yuleyule wa juzi,
aliyetubebea mtungi wa gesi hadi ndani,
nami nikamwambia asante sana, baba.

"Angezibwa mdomo?" nikauliza.
"Leo wanamziba Jotham," mjomba akajibu upesi,
"kesho mimi. Lori ni lilelile."
"Lori lingekuja usiku ule," Mama akasema,
"ningelifungulia lango mimi mwenyewe."

Tulikula. Sauti ilikuwa ya sahani.
Nje mtu alifungua mfereji, ndoo ikaanza kujaa,
nikahesabu mpaka ikafurika,
sikutoka kuangalia ni ya nani.

Jumapili usiku niliandika kurasa mbili.
Niliandika bango, na kosa lake la tahajia.
Niliandika doa. Sikuandika namba ya chumba.
Nilisema sijui ni nani apewe kalamu
ya kuchora mstari kati ya hayo mawili,
na kwamba katika kitabu cha Kaloleni
mahali hapo pana ukingo wenye meno.

Palikuwa na nafasi ya mstari mmoja chini.
Nikakaa nao hadi stima ikapotea,
nikawasha tochi ya simu ya Mama:
*Mwalimu, mfano wa tatu ni kiti cha Nyanchama.*

Sasa ni Jumatatu, kipindi cha pili.
Anaisoma amesimama, chaki mkononi.
Amefika ukurasa wa pili.
Amefika chini.